Zoeza usawa wa mwili kabla ya upasuaji wa uvimbe wa neva ya sikio la ndani

Uvimbe wangu haukuwa saratani. Ni ule unaoota kwenye neva inayopeleka ubongoni taarifa za usikivu na za usawa wa mwili, na kwa kuwa hukua polepole, nilipata muda wa kusubiri upasuaji. Wengi wetu muda huo tunaumaliza kitandani, tukiogopa hata kugeuza shingo, nami naamini kwa dhati kwamba huo ndio muda wa kufanya mazoezi.

Mwili husimama wima kwa kutegemea sikio la ndani, macho, na hisia za nyayo na viungo. Upasuaji huu mara nyingi huzima ghafla kazi ya usawa ya upande mmoja, na ubongo hulazimika kujipanga upya wakati mgonjwa anatapika na chumba kinamzunguka. Aliyeanza mapema huwa ameshauonjesha ubongo wake kazi hiyo.

Mtaalamu wa fiziotherapia alinielekeza nibandike ukutani karatasi yenye herufi moja kubwa, kwenye kimo cha macho, kisha nigeuze kichwa kulia na kushoto bila kuiachia herufi hiyo. Ikianza kuchezacheza, unapunguza kasi mpaka isomeke tena. Baadaye nilisimama juu ya mto, miguu ikiwa pamoja, kwenye kona ya chumba, dada yangu akiwa mbele yangu tayari kunidaka, kwanza macho wazi, kisha nimeyafumba. Mwisho tulitoka kutembea kwenye mchanga wa vichochoro vya Nkuhungu, hapa Dodoma, huku nikitazama huku na huku, kwa sababu ndiyo njia ambayo ningeirudia baada ya kuruhusiwa.

Kizunguzungu kidogo kinachotulia baada ya muda mfupi ni sehemu ya mazoezi. Kuanguka, kutapika mfululizo au maumivu makali ya kichwa ni mambo ya kumweleza daktari mara moja. Muulize pia kuhusu vidonge vya kutuliza kizunguzungu, kwa kuwa vikitumiwa muda mrefu huweza kuuchelewesha ubongo kuzoea.

Zipo hospitali, kama ya Lund nchini Uswidi, zilizodunga jentamaisini, aina ya antibiotiki, kupitia ngoma ya sikio kabla ya upasuaji, ili usawa wa upande huo uzimike mapema. Dawa hiyo inaweza kuharibu usikivu, hivyo uamuzi ni wa daktari. Mazoezi ya ukutani, kwa upande wake, unaweza kuyaomba siku ileile unapoandikiwa rufaa.