Puto la mita 914: kwa mnaoanza kulenga mbali kwa bastola

Mwaka 2014 mlenga shabaha Mmarekani Jerry Miculek alipasua puto lililokuwa yadi 1,000 mbele yake, yaani mita 914, kwa rivolva, yaani bastola ya silinda inayozunguka, ya milimita 9. Wengi mnaokuja uwanjani kwa mara ya kwanza mmeiona video yake, na swali mnaloniuliza ni lilelile: yule ana macho gani? Naomba tuliweke kando suala la macho. Puto la sentimita 30 kwa umbali ule liko ukingoni kabisa mwa uwezo wa jicho la binadamu, hata la kijana. Shabaha ya namna ile inapigwa na mambo matatu: kujua risasi inaanguka kiasi gani, mkono unaorudia kitendo kilekile bila kukibadilisha, na mtu wa pembeni anayeona risasi iliyokosa imetua wapi. Hilo la tatu wanafunzi hulidharau, nami ndilo ninalotaka mlishike kwa nguvu zote.

Tuanze na anguko. Chukua risasi ya gramu 9.5 inayotoka kwenye mtutu kwa mita 300 kwa sekunde. Kama kusingekuwa na hewa, ingefika mita 914 kwa sekunde 3 hivi, na katika muda huo uvutano wa dunia ungeishusha mita 45 chini ya mstari ambao mtutu ulielekea. Lakini hewa ipo, na inaikaba risasi njia nzima. Kwa hesabu ya kawaida, risasi hiyo inafika ikiwa na karibu nusu tu ya kasi iliyoanza nayo, safari inachukua sekunde 4 na zaidi, na anguko linapita mita 70. Hilo ni jengo la ghorofa ishirini na kitu. Kwa hiyo wakati wa kufyatua, mtutu hauelekei kwenye puto hata kidogo. Umeinuka nyuzi karibu 5 juu yake, na risasi inapanda zaidi ya mita 20 kabla ya kuanza kushuka.

Angalieni pia anguko linavyokua. Risasi hiyohiyo kwa mita 50 inashuka sentimita 14 hivi. Kwa mita 100 inashuka zaidi ya nusu mita, kwa mita 200 karibu mita 2 na nusu, na kwa mita 400 mita 10 na ushee. Umbali ukiongezeka mara mbili, anguko linaongezeka zaidi ya mara nne. Aliyezoea mita 25 akaenda mita 100 bado anaweza kubahatisha. Akienda mita 400 kwa kubahatisha, hata vumbi la risasi yake hataliona.

Jambo ambalo mimi mwenyewe nilichelewa kulielewa ni mteremko wa mwisho. Huko mbali risasi haiji imelala. Kwa kila mita 10 inazosonga mbele inashuka zaidi ya mita 1. Maana yake ukikosea kupima umbali kwa mita 10 tu, mlengo wako ukiwa sahihi kabisa, risasi inapita juu ya puto au inatua kabla ya kulifikia. Pimeni kwa kipimo cha leza, na pimeni zaidi ya mara moja. Umbali wa kukadiria kwa macho hauna kazi hapa.

Hali kadhalika kasi ya risasi yenyewe. Risasi mbili za boksi moja zikitofautiana kwa mita 3 kwa sekunde, yaani asilimia 1, kwa mita 914 zinatua zikiwa zimepishana zaidi ya mita 1 kwa kimo. Kwa mita 25 tofauti hiyo huwezi kuiona. Niliwahi kupoteza alasiri nzima nikibadilisha mshiko, nikibadilisha pumzi, nikilaumu kidole changu, kumbe nilikuwa nimechanganya risasi za matoleo mawili tofauti kwenye mfuko mmoja. Tangu siku hiyo sifyatui risasi ya mbali ambayo sijapima kasi ya wenzake kwa kipima-kasi, na namba ya toleo naiandika.

Mtashangaa kwamba kwa kazi hii risasi nzito ya polepole mara nyingi inafaa kuliko nyepesi ya kasi. Sauti husafiri mita 340 hivi kwa sekunde. Risasi inayoanza juu ya kasi hiyo italazimika kuivuka ikishuka, na pale mpakani mtiririko wa hewa kuizunguka unabadilika, risasi inatikisika, na matundu yanatawanyika. Inayoanza chini ya kasi ya sauti haikutani na msukosuko huo. Ndiyo sababu risasi nyingi za mashindano za .22, zile ndogo za kipenyo cha inchi 0.22, zinatengenezwa ziwe chini ya kasi ya sauti, japo kuziongezea kasi si kazi ngumu kwa watengenezaji.

Upepo nao una hesabu yake, na si ile wengi wanayoifikiria. Risasi haisukumwi kwa muda wote iliopo hewani. Kinachohesabiwa ni ule muda iliochelewa kwa sababu ya hewa: toa muda ambao ingetumia bila hewa kwenye muda halisi, kisha zidisha kwa kasi ya upepo wa ubavuni. Upepo wa mita 3 kwa sekunde, ule unaotikisa majani tu, kwa mita 200 unaihamisha risasi yetu sentimita 15 hivi. Kwa mita 914 unaihamisha karibu mita 4. Na upepo ulio miguuni pako si lazima uwe sawa na ule wa katikati ya njia, mita 20 juu ya ardhi, mahali risasi inapopita. Tazameni nyasi za katikati, tazameni hewa moto inavyocheza kwenye darubini, na mara nyingi kilicho bora ni kusubiri hadi hali irudi kama ilivyokuwa kwenye risasi iliyopita. Wengine huanza kuniuliza kuhusu mzunguko wa dunia. Upo, unahamisha sentimita kadhaa, lakini kosa dogo la kusoma upepo linaumeza wote. Liacheni hilo kwa sasa.

Sasa mkono na vilengeo. Kati ya kilengeo cha mbele na cha nyuma kwenye bastola nyingi kuna sentimita 15 hivi, basi. Kilengeo cha mbele kikihama sehemu moja ya kumi ya milimita, unene wa unywele, risasi inahama sentimita 60 kwa mita 914. Ufupi huo unaadhibu kila mtikisiko, lakini pia unaweza kutumika kama kipimo. Elmer Keith, mlenga shabaha mashuhuri wa Idaho, alikuwa na vistari vya dhahabu kwenye kilengeo cha mbele cha rivolva zake. Kwa shabaha ya mbali aliinua kilengeo cha mbele juu ya ukingo wa kile cha nyuma hadi kistari alichokichagua, akakalisha shabaha juu ya ncha yake. Hesabu yake ni rahisi: kwa bastola ya sentimita 15, kila milimita 1 unayoinua inapandisha risasi mita 1 kwa umbali wa mita 150. Jicho halipotezi shabaha, na mkono una alama ya kurudia. Kwangu mimi hii ndiyo njia nzuri kuliko zote ya kujifunzia, kwa sababu inakufanya uione fizikia kwa macho yako.

Ina kikomo, lakini. Kwa mita 914 na risasi ya milimita 9 ungehitaji kuinua milimita 12 na zaidi, na kilengeo cha kawaida hakina urefu huo. Hapo mtu hutafuta alama ya kulenga juu kwenye mlima ulio nyuma ya shabaha, au hufunga kilengeo cha nukta nyekundu juu ya bastola kwenye kibebeo kilichoinamishwa. Nukta nayo muijue: ile ya ukubwa wa dakika 3 (dakika hapa ni sehemu ya 60 ya nyuzi moja) inafunika karibu sentimita 80 kwa umbali huo, kwa hiyo puto linamezwa lote. Unalenga kitu kikubwa kinachoonekana, na puto unaliachia hesabu.

Kabla risasi haijatoka, bastola imekwisha kuanza kurudi nyuma. Risasi inakaa mtutuni kwa karibu elfu moja ya sekunde, na katika muda huo mdomo wa mtutu unaanza kuinuka. Ukibana mara nyingine na kulegeza mara nyingine, mtutu unainuka tofauti, na huko mbali risasi zinatua tofauti. Kwa hiyo msishindane kubana sana. Shindaneni kubana sawasawa. Kifyatulio kivutwe kikielekea nyuma moja kwa moja, pole, na baada ya mlio kidole kibaki pale kwa muda. Fanyeni mazoezi hayo na bastola tupu iliyokaguliwa mara mbili. Ni mazoezi ya kuchosha, na hakuna njia nyingine ya kuufundisha mkono.

Mkao mnaoweza kuutumia ni ule wa Creedmoor: unalala chali au kwa ubavu, goti limekunjwa, bastola imeegemea mguu. Unatulia ajabu. Ila kwa rivolva, gesi ya moto inachomoka kwenye mwanya kati ya silinda na mtutu, na inachana suruali pamoja na ngozi. Wekeni ngozi nene mguuni, na hakikisheni mguu hauko mbele ya mdomo wa mtutu.

Kuhusu usalama sitalegeza neno. Risasi ya milimita 9 inaweza kwenda karibu kilomita 2, na baada ya mita 914 bado inaweza kuua. Hii ni kazi ya uwanja ulioruhusiwa, wenye mlima halisi nyuma ya shabaha, na mtutu unaoinuka uwe bado unaelekea kwenye udongo wa mlima huo. Ukiinuka hadi angani, acheni. Hakuna puto lenye thamani ya risasi ambayo hujui imeishia wapi.

Nirudi kwa mwangalizi wa pembeni. Bastola nzuri ikiegemezwa inaweza kuweka risasi zake kwenye duara la sentimita 5 kwa mita 50. Panueni duara hilo hadi mita 914 mpate sentimita 90, bila upepo, bila kosa la mkono. Puto ni sentimita 30. Hata mlengaji asiyekosea atakosa mara nyingi, na anayewaambia vinginevyo anawadanganya. Ndiyo maana risasi iliyokosa lazima ionekane. Chagueni ardhi kavu inayotoa vumbi. Mwangalizi akae nyuma yenu kwenye mstari uleule, macho kwenye darubini, aseme kwa urefu wa kitu kinachoonekana, kama bamba la chuma la shabaha: "nusu bamba chini, bamba moja kulia". Asiseme "karibu". Ninyi msimwangalie, msijibu, msibadilishe mambo mawili kwa pamoja. Andikeni risasi, rekebisheni jambo moja, fyatueni tena. Bamba la chuma likipigwa kwa mita 914, mlio wake utawafikia karibu sekunde 7 baada ya kufyatua, na mlengaji mpya huwa ameshajiinua kutazama. Kaeni palepale.

Anayetaka kugeuza bastola juu chini, kama Miculek alivyofanya kwa yadi 200, ajue kwanza kwamba mwinuko mdogo uliojengwa kwenye vilengeo kufidia anguko sasa unaelekea ardhini. Bastola iliyorekebishwa kwa mita 25 itapoteza karibu mita 1 ya ziada kwa mita 200, na mtutu utaruka kuelekea chini.

Anzeni na mita 50. Mashindano ya sanamu za chuma za bastola, ambayo chama chake cha kimataifa, IHMSA, kilianzishwa Marekani mwaka 1976, yana ngazi nzuri: kuku mita 50, nguruwe mita 100, bata mzinga mita 150, kondoo dume mita 200. Mkiwa na daftari lenye anguko lenu halisi kwa kila ngazi, toleo la risasi, kasi, joto na upepo, leteni tulisome pamoja, kisha tutaweka bamba la mita 300.