Uliza Fundi: Nimefunga faili kwa chmod 600, mwenzangu kalifungua

SWALI: Kaka Fundi shikamoo. Mimi ndo nimeachiwa kompyuta za ofisi yetu, mashine 6 za Ubuntu na sava moja, folda ya pamoja tunaipata kwa NFS (njia ya kufungua mafaili ya sava kupitia mtandao). Juzi mhasibu kaweka faili la mishahara, nikamwambia alipige chmod 600 (mwenye faili tu asome na kuandika), nikajua limeshafungwa, kesho yake kijana wa stoo kalifungua kwenye mashine yake bila kizuizi chochote. Nikiangalia kwenye sava nikiwa root (yuza mkuu wa mashine) naona kila kitu kiko sawa. Sasa NFS haiheshimu ruhusa au? Na ntajuaje kama inafanya kazi kweli kabla sijawaambia watu waweke mambo yao humo? (Msomaji, Morogoro)

JIBU: Marahaba dada, na pole sana, mishahara ya watu sio kitu cha kuzagaa. NFS inaheshimu ruhusa, tatizo inaheshimu namba ya yuza, majina haiyajui. Nenda mashine ya mhasibu andika id (amri inayoonyesha namba hiyo), halafu nenda ya stoo andika hivyohivyo. Ubuntu yuza wa kwanza unayemtengeneza inampa 1000, kwa hiyo nna hakika karibu yote kwamba wote wawili ni 1000, na sava ikiletewa 1000 inaona ni mtu mmoja. Ukipiga ls -l kwa mhasibu utaona jina lake kama mwenye faili, ukipiga stoo utaona jina la yule kijana, faili ni lilelile! Piga ls -ln ndo utaona 1000 kote kote.

Kwa mashine 6 unaweza kuwapangia namba kwa mkono, kila mtu na yake na iwe ileile kila mashine, na usisahau kuyapiga chown (kubadilisha mwenye faili) mafaili ya zamani. Ila kama watu wana sudo (ruhusa ya kufanya kazi kama root) kwenye mashine zao bado hujapona, maana mtu anaweza kujigeuza namba yoyote na sava ikamwamini tu. Hapo dawa ni Kerberos, mfumo wa kuthibitisha mtu ni nani badala ya kuamini namba tu, yaani sec=krb5, ni kazi kuiweka lakini kwa mishahara mi ningeiweka.

Sasa kwenye kujaribu. Usijaribu ukiwa root, nalisema hili kwa msisitizo kwa sababu ndo limekupoteza. Root akiwa kwenye sava anapita kila mlango, na akiwa kwenye mashine ya mtumiaji mpangilio wa sava uitwao root_squash unamgeuza nobody, yuza asiye na nguvu, namba 65534, anaweza kunyimwa hata faili ambalo mwenyewe analisoma vizuri. Tengeneza yuza wawili wa majaribio, tuseme asha 2001 na juma 2002, kila mmoja kwenye mashine yake, halafu jaribu vitu ambavyo VINATAKIWA KUKATALIWA. Wengi wanaangalia kama Asha anafungua faili lake, akifungua wanafurahi wanaondoka, wakati swali lenyewe ni kama Juma ananyimwa. Asome faili la Asha lenye 600, akataliwe. Aingie folda ya Asha yenye 700 (ya mwenyewe tu), akataliwe. Afute faili la Asha lenye 400 (mwenyewe kusoma tu) ndani ya folda ambayo wote wanaandika... hapo atafuta, na sio kosa la NFS, kufuta kunaangalia ruhusa ya folda sio ya faili. Weka chmod +t (mtu asifute faili la mwenzake) kwenye folda urudie, sasa lazima akataliwe, ilimradi folda yenyewe sio ya Juma.

Ukibadilisha ruhusa mashine moja, nyingine inaweza kuonyesha za zamani kwa sekunde kadhaa mpaka kama 60 kwa sababu ya kashe (kumbukumbu ya muda ya mashine), kwa hiyo subiri au wakati wa majaribio unganisha folda (maunti) kwa noac, inayozima kashe hiyo.

Ukitaka kupima kwa kina ipo programu ya majaribio inaitwa pjdfstest, aliianzisha Pawel Jakub Dawidek kwa ajili ya mfumo wa FreeBSD, inajaribu chmod, chown, rename (kubadili jina), unlink (kufuta) na nyinginezo kwa namna nyingi sana ambazo wewe kwa mkono usingezifikiria. Inataka root, kwa hiyo kwenye folda yenye root_squash itafeli majaribio mengi bila kosa lolote. Itengenezee folda yake tupu yenye no_root_squash (root abaki na nguvu zake), ukimaliza iondoe kabisa, na usiiendeshe kwenye folda ya mishahara tafadhali.

SWALI: Fundi, mimi niko kwenye magrupu 20, folda ina 770 (mwenyewe na grupu wanaingia, wengine hapana) na grupu lake nimo, nikiwa kwenye sava naingia, kupitia NFS nakataliwa. (Msomaji, Mombasa)

JIBU: Ndugu yangu, NFS ya kawaida ya sec=sys (ile ya kuamini namba) inabeba magrupu 16 tu kwenye kila ombi, ya ziada yanaachwa na lako limo kwenye yaliyoachwa. Washa --manage-gids kwenye rpc.mountd (huduma ya NFS) ya sava, hapo sava itatafuta magrupu yako yenyewe badala ya kusubiri kuletewa, mradi jina lako na magrupu yote 20 viwe vimesajiliwa kwenye sava. Kisha jaribu na yule wa pembeni ambaye hayumo kwenye grupu, yeye aendelee kukataliwa.