Rekodi ya Collins Injera

Kuna wanaouliza kama Mkenya aliwahi kuongoza dunia nzima kwa trai (kuufikisha mpira chini nyuma ya mstari wa mpinzani) katika msururu wa dunia wa raga ya wachezaji saba kila upande. Ndiyo ndugu yangu, ni kweli kabisa: ni Collins Injera. Mei 2016, jijini London, Injera aliipita rekodi ya Santiago Gómez Cora wa Argentina, aliyekuwa na trai 230. Mwaka uliofuata Dan Norton wa Uingereza akampita, ndiyo maana wengi wanadhani hakuwahi kuishika. Injera alitundika daluga 2022 akiwa na trai 279.

Ila kwangu mimi, kilele ni Singapore, Aprili 2016. Shujaa, timu ya Kenya ya raga hiyo, waliwachapa Fiji 30-7 fainali na kutwaa taji la kwanza la Kenya kwenye msururu huo, kocha akiwa marehemu Benjamin Ayimba. Nilitazama kwa kinyozi mtaani, nusu ya kichwa imenyolewa, nusu bado. Kinyozi alikuwa ameduwaa mbele ya runinga, mashine inanguruma mkononi. Injera alifunga trai mbili siku hiyo na kutajwa mchezaji bora wa fainali.

Na usisahau kakake, Humphrey Kayange, aliyekuwa nahodha Kenya ilipofika nusu fainali ya Kombe la Dunia la 2009 kule Dubai. Msimu huohuo wa 2008/09 mdogo wake ndiye aliyeongoza kwa trai kwenye msururu. Nyumba moja hiyo, jamani!