Idhini ya turbini kwa anayetaka kurusha watu wa parashuti

“Yaya, niko na leseni ya urubani ya kibiashara na saa 230 za kuruka, zote za Cessna 172, ndeke ndogo ya pistoni. Nilipie idhini ya kurusha ndeke ya turbini nikarushe watu wa parashuti?” Ujumbe umetoka Lubumbashi, na wenzako wengi wameuliza hilo hilo.

Mdogo wangu, tuanze na karatasi, maana ndiyo sehemu fupi. Ndeke utakayoikuta mara nyingi kwenye kazi hiyo ni Cessna 208 Caravan ya turbini moja, ile ile inayobeba mizigo Kivu na Katanga. Marekani haidai idhini maalumu kwa ndeke ya propela isiyozidi pauni 12,500, na Caravan 208B ina pauni 8,750, yaani kama kilo 3,970. Ulaya inadai idhini ya kundi la ndeke za turbini moja. Kwa hiyo chagua kwanza nchi ya kazi, uulize mamlaka yake kwa maandishi, ndipo utoe dola. Cheti cha Kiingereza cha ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga, kiwango cha 4 kwenda juu, kiwe tayari. Kifaransa chetu hakitakufikisha mbali kwenye radio ya Swakopmund, Namibia. Tena sheria ikikuruhusu, bima ya mwenye ndeke inaweza kukukataa kwa uchache wa saa zako.

Sasa injini. PT6, turbini ya Caravan, huharibiwa zaidi na sekunde za kuwasha kuliko na saa nzima ya kuruka. Elekeza pua kwenye upepo. Betri ikiwa chini ya volti 24, usiwashe, tafuta umeme wa nje: starta dhaifu inavuta hewa kidogo, mafuta yanawaka bila kupozwa, na mapanga ya turbini yanaungua. Ikiwa sawa, washa starta, ngoja Ng, yaani kasi ya mzunguko wa sehemu ya injini inayotengeneza gesi, ifike 12% na kutulia, ndipo usogeze leva ya mafuta. Macho yabaki kwenye ITT, kipimo cha joto ndani ya turbini. Kikomo cha kuwasha ni digrii 1,090 za Selsiasi, tena kwa sekunde 2 tu. Ukiona mshale unakimbilia huko, usingoje ufike: kata mafuta, acha starta izungushe ili hewa ipoze. Mkono usitoke kwenye leva hadi Ng ipite 52%. Wageni wengi huuondoa mapema wakashike swichi nyingine, na hapo ndipo injini ya thamani ya nyumba kadhaa za mitaa yetu ya Kenya au Kamalondo inapotea. Starta nayo ina mapumziko yake: sekunde 30 kazi, 60 pumziko, mara mbili, na baada ya jaribio la tatu, pumziko la dakika 30.

Luano, uwanja wa ndeke wa Lubumbashi, iko karibu mita 1,300 juu ya bahari. Kwenye joto la Oktoba, ITT inaweza kugusa kikomo chake cha digrii 805 kabla torki, nguvu ya kuzungusha propela, haijafika kikomo chake cha pauni-futi 1,865. Rubani aliyezoea pwani husukuma leva ya nguvu akitazama torki peke yake. Wewe tazama zote mbili, na inayofika kwanza ndiyo inayoamua.

Mwinuko huo unabadilisha pia suala la oksijeni. Warukaji hutaka mita 4,000 juu ya ardhi. Swakopmund, kando ya bahari, hiyo ni kama futi 13,100. Kwetu ni kama futi 17,400. Kwa kanuni za Marekani, rubani avute oksijeni muda wote juu ya futi 14,000, na kila abiria awekewe yake juu ya 15,000. Chupa moja ya rubani haitoshi hapa.

Kinachoua kwenye kazi hii ni mlango. Uko nyuma kushoto. Watu wakijazana hapo, mkia unazidi uzito, pua inapanda, mwendo unakwisha, ndeke inaanguka ikizunguka. Idadi ya wanaoruhusiwa mlangoni kwa wakati mmoja ihesabiwe mkiwa bado chini, kwa hati za ndeke yenyewe, na ielezwe kabla injini haijawaka; wengine wabaki mbele hadi wa kwanza watoke. Shika mwendo, noti 85 hadi 90 (noti ni maili ya baharini kwa saa), pua ukiizuia mapema. Na mtu akifungua parashuti ndani kwa bahati mbaya, inaweza kushika mkia, kwa hiyo pini za parashuti zikaguliwe kabla ya mlango kufunguliwa.

Kushuka: turbini haina ile hofu ya injini za pistoni, ya silinda kupasuka kwa baridi, lakini usizidi noti 175, au pungufu kama hati ya mlango wazi inasema hivyo. Kaa mbali na mstari wa warukaji. Leva ya nguvu isivutwe kamwe kupita kituo cha aidoli, yaani nguvu ya chini kabisa, ukiwa angani. Mafuta, kadiria lita 200 kwa saa, na usishuke kwa kuteleza upande tangi likikaribia mwisho.

Kuhusu pesa: badala ya kununua saa nyingi nje, mimi ningetafuta kwanza kiti cha kulia, cha rubani msaidizi, kwenye Caravan ya mizigo, hata kama malipo ni sahani ya bukari na sambaza. Ila siku ya kwanza kabisa uliza saa hizo zitaandikwaje kwenye daftari lako, kwa sababu Caravan inaruhusiwa rubani mmoja, na mara nyingi wa kulia hahesabiwi kitu.