Maswali ya Wasomaji: Kiingereza kipi katika chuo cha kidato cha sita?

SWALI: Mshauri, salamu nyingi. Binti yangu yuko mwaka wa 11 katika shule ya sekondari hapa Uingereza na atafanya mitihani ya GCSE, ile ya mwisho wa sekondari, mwaka huu. Chuo cha kidato cha sita alichoomba kinafundisha Kiingereza cha A-level, yaani ngazi ya miaka miwili kabla ya chuo kikuu, kwa namna tatu: Fasihi ya Kiingereza, Lugha ya Kiingereza, na somo moja linalounganisha Lugha na Fasihi. Mjomba wake anashauri achukue Lugha, kwa sababu alifika huku akiwa na miaka tisa na Kiingereza chake cha kuandika bado kinahitaji kupigwa msasa. Tena anasema Lugha ndiyo rahisi. Binti mwenyewe anapenda kutunga hadithi na anafikiria kusomea sheria. Tuchague lipi?
Mama wa Mwanafunzi, Birmingham

JIBU: Mama, salamu zako zimefika. Nianze na mjomba, kwa kuwa kosa lake hufanywa na wazazi wengi, na chanzo chake ni jina la somo. Lugha ya Kiingereza katika ngazi ya A-level si darasa la kumnoa mtu katika sarufi na tahajia. Anayelisoma huchukuliwa kuwa ufasaha huo anao tayari. Sisi tungeliita somo la isimu, yaani sayansi ya lugha. Mwanafunzi hujifunza kuchambua sauti, miundo ya sentensi, maana, na jinsi watu wanavyopokezana zamu katika mazungumzo. Huchunguza namna mtoto mdogo anavyoanza kusema na baadaye kusoma. Hutazama kwa nini watu wa Liverpool hawasemi kama watu wa London, na jinsi Kiingereza kilivyobadilika tangu karne ya 17. Katika mtihani anaweza kukuta nakala ya mazungumzo ya mtoto na mama yake, kila kusita na kila kosa limeandikwa, akatakiwa kueleza kwa istilahi sahihi mtoto huyo amefikia wapi katika safari ya lugha. Asiyependa uchambuzi wa namna hiyo ataliona somo hili kavu, hata kama Kiingereza chake ni safi kama cha mtangazaji wa redio.

Hapo hapo nikiri kwamba kwa mtoto aliyekulia katika lugha mbili, somo hili lina hazina ambayo wenzake darasani huenda hawana. Asilimia 20 ya alama hutokana na kazi anayoifanya nje ya chumba cha mtihani, na katika mtaala wa bodi ya mitihani ya AQA, kwa mfano, sehemu moja ya kazi hiyo ni utafiti wa lugha wa maneno yapatayo 2,000 juu ya data aliyoikusanya mwenyewe. Binti anayesikia kila jioni shangazi na wadogo zake wakichanganya Kiswahili na Kiingereza katika sentensi moja tayari anaishi ndani ya data. Akiwaomba ridhaa ya kuwarekodi, na mwalimu wake akiipitisha mada, ana utafiti ambao hakuna anayeweza kumwandikia. Sehemu ya pili ya kazi hiyo ni utungaji wa maneno 750 pamoja na maelezo ya maneno 750 yanayochambua maamuzi aliyoyafanya mwandishi, na hilo linagusa jambo ulilolitaja mwishoni kuhusu hadithi zake.

Nasema hivyo kwa sababu vijana wengi wanaopenda kutunga hukimbilia Fasihi, kisha hushangaa kukuta kwamba karibu kila wanachoandika ni insha za uhakiki. Fasihi ni somo la kusoma kazi za wengine na kuzijengea hoja. Kwa kanuni zilizoanza kufundishwa Septemba 2015, mwanafunzi nchini Uingereza husoma angalau matini nane, zikiwamo riwaya, tamthilia na ushairi. Tatu kati yake lazima ziwe zimetoka kabla ya mwaka 1900, mojawapo ikiwa ya Shakespeare, na angalau moja iwe imetoka baada ya mwaka 2000. Juu ya hizo kuna matini asiyoijua kabisa, ambayo hukutana nayo kwa mara ya kwanza ndani ya mtihani. Kazi ya nje, yenye asilimia 20 ya alama, kwa kawaida ni insha ndefu, mara nyingi ya kulinganisha vitabu viwili. Je, binti yako husoma kitabu, akakirudia, akabishana nacho? Au husoma riwaya moja baada ya nyingine kwa utamu wa kisa, kisha akazisahau? Wote wawili ni wasomaji wazuri, ila Fasihi ya A-level humfaa zaidi yule wa kwanza.

Somo la tatu, la Lugha na Fasihi, hutumia vyombo vya isimu kusomea matini za kifasihi pamoja na zisizo za kifasihi, kama hotuba, barua au kumbukumbu za safari. Matini ni angalau sita, na mara nyingi kuna nafasi ya kutunga. Kwa msichana uliyenieleza, hili ndilo ningeliangalia kwanza. Wapo walimu wanaoliona kama nusu mkate wa kila upande. Mimi sikubaliani nao, ingawa ni kweli kwamba halichimbi fasihi kwa kina kile kile.

Kuhusu madai ya urahisi, masomo yote matatu hupimwa kwa asilimia 80 ya mitihani ya mwisho na asilimia 20 ya kazi ya nje, na mitihani yote huja mwishoni mwa mwaka wa pili. Pointi za UCAS, shirika linaloshughulikia maombi ya vyuo vikuu, nazo ni sawa: A* ni pointi 56, A ni 48, B ni 40, somo lolote kati ya hayo.

Kwa sheria, vyuo vikuu vingi havidai Kiingereza cha aina fulani. Hutaka alama za juu, na hupenda kuona angalau somo moja la kuandika insha, sifa ambayo yote matatu yanayo. Huenda ndugu wakakutajia orodha ya masomo yanayopendelewa iliyotolewa na muungano wa vyuo vikuu wa Russell Group, ambamo Fasihi ilikuwamo na Lugha haikuwamo. Orodha hiyo iliondolewa mwaka 2019, kwa hiyo msiitumie kama kipimo. Tahadhari moja inabaki: iwapo binti atabadili nia akataka shahada ya fasihi ya Kiingereza, vyuo vikuu vingi vitadai Fasihi au somo la pamoja, na Lugha peke yake mara nyingi haitoshi. Someni masharti ya kozi mbili tatu anazozitamani kabla hajajaza fomu ya chuo.

Kisha kiulizeni chuo kinafuata bodi gani ya mitihani na kinafundisha vitabu gani, maana AQA, OCR, Pearson Edexcel na Eduqas hutofautiana. Karatasi za miaka iliyopita zipo bure kwenye tovuti za bodi hizo. Mpe binti karatasi moja ya kila somo na saa moja ya utulivu kwa kila moja, halafu muulize ni ipi aliyotaka kuendelea nayo saa ilipokwisha. Jibu lake lina uzito kuliko langu na la mjomba.

SWALI: Nilipata daraja la 3 (la juu kabisa ni 9) katika GCSE ya Kiingereza. Naweza kuchukua Kiingereza cha A-level?
Kijana, Leicester

JIBU: Kwa sasa, pengine hapana. Kila chuo hujiwekea masharti yake, lakini vingi hudai daraja la 5 au la 6 katika Kiingereza kwa yeyote kati ya masomo hayo matatu. Kwa kuwa hukufikia daraja la 4, kanuni za ufadhili wa serikali zinakutaka uendelee kusoma Kiingereza cha GCSE pamoja na masomo yako mengine ya chuo, na mtihani wa marudio hufanyika Novemba na tena wakati wa kiangazi. Usiiache nafasi ya Novemba ikiwa ulikaribia kufaulu. Ila kwa kuwa mwaka wa masomo huanza Septemba, muulize msajili wa chuo chako mapema kama atakupokea katika A-level ya Kiingereza mwaka unaofuata, utakapokuwa na daraja jipya mkononi.