Majibu ya dawa yalitoka mazuri na hela yangu ikapotea vilevile

Mkuu mleta mada, swali lako nimelisoma mara mbili. Uko Texas, umebeba boksi miaka miwili umeweka pembeni dola 3,000, umekutana na kampuni ndogo ya dawa ya saratani hisa yake inauzwa dola 1.80, majibu ya majaribio ya feizi tu (hatua ya pili kati ya tatu za kujaribu dawa kwa binadamu) yanatoka mwezi ujao, unauliza uweke zote au nusu. Wadau hapo juu wamekujibu kuhusu dawa yenyewe, itafanya kazi haitafanya, mmoja hadi kaweka picha ya seli. Mi nakujibu kitu kingine kabisa, maana mi niliwahi kupatia majibu sawasawa na hela bado ikaondoka.

Ilikuwa 2019, nipo Minnesota, nafanya shifti za usiku kwenye nyumba ya wazee. Kampuni siitaji jina. Walikuwa na dawa ya saratani za kina mama, na hapo ndo kosa langu la kwanza lilipoanzia, kwa sababu shangazi yangu aliyenilea alitibiwa Ocean Road, hospitali ya saratani ya Dar, saratani ya shingo ya kizazi, mi ndo nilikuwa natuma nauli na hela ya dawa mpaka alipotutoka 2017. Sasa mtu mwenye historia hiyo akisikia kampuni inatafuta dawa ya ugonjwa uleule anasoma kwa machozi, hasomi hesabu. Nikanunua hisa 2,000 kwa dola 2.10, jumla dola 4,200, hela ya karo ya mdogo wangu ikiwemo humo (hilo nyumbani hawajui mpaka leo).

Siku ya majibu ilikuwa saa kumi na mbili asubuhi, nimebakiza saa moja nitoke, tunamgeuza bibi mmoja wa miaka 91 kitandani, simu ikaanza kutetemeka mfukoni. Nikamaliza, nikakimbilia chooni. Majibu mazuri! Soko halijafunguliwa bado lakini hisa inasoma 5.40. Aisee nilikaa kwenye kile choo nikapiga hesabu, 10,800, nikajisemea ikifika 10 nauza. Sikuuza hata moja. Nikaenda kulala.

Nimeamka jioni, soko limeshafungwa, naona tangazo jipya: kampuni inauza mamilioni ya hisa mpya kwa dola 3.00, na kila anayenunua anapewa na waranti juu yake, yaani haki ya kununua nyingine baadaye kwa bei ileile. Siku hiyohiyo! Kesho yake imefunguka 2.95. Nikawa bado nabisha, nasema dawa si inafanya kazi bwana, itarudi. Haikurudi. Mwaka uliofuata wameuza tena mara mbili, hisa zinakuwa nyingi kampuni ni ileile, kipande changu kinapungua, uji unaongezwa maji bakuli ni lilelile, bei ikashuka chini ya dola moja. Na Nasdaq, soko la hisa ilipokuwa inauzwa, wana sheria yao, ukikaa chini ya dola siku 30 za kazi mfululizo unaandikiwa barua, unapewa siku 180 ujirekebishe. Dawa ya barua hiyo kila kampuni inaijua: wakaunganisha hisa 20 kuwa 1, bei ya hisa moja inapanda kwenye karatasi tu. Hisa zangu 2,000 nikaamka zimekuwa 100. Shemeji yangu akanipigia simu amefurahi kweli, "shem naona kale kahisa kako kamefika dola 9!" Sikuwa na nguvu ya kumwelewesha. Niliuza kwa 6.20, nikatoka na dola 620. Hasara ya 3,580 niliikata kwenye kodi, 3,000 mwaka ule na zilizobaki mwaka uliofuata, hiyo ndo faraja pekee serikali ya Marekani iliyonipa.

Sasa kitu ambacho nilipaswa kukiangalia kilikuwa wazi muda wote, bure. Kampuni za Kimarekani zilizopo kwenye soko la hisa huwa zinapeleka hesabu zao kila robo mwaka, fomu inaitwa 10-Q, ingia tovuti ya SEC, wasimamizi wa masoko ya hisa Marekani, andika jina la kampuni utaikuta. Usisome yote utalala. Tafuta hela taslimu wanazo kiasi gani, halafu tafuta kwa robo mwaka wametumia kiasi gani, gawanya. Yangu ilikuwa na milioni 19 na inakula milioni 8 kila miezi mitatu, yaani miezi saba hivi hela imekwisha, na dawa ndo kwanza iko feizi tu, feizi thrii bado na hiyo inakula hela kuliko zote. Kampuni ya hivyo haina bidhaa dukani. Inachouza ni hisa. Kwa hiyo siku bei ikipanda kwako ni sherehe, kwao ndo siku ya soko, watauza tu, wasipouza siku hiyo watauza lini? Siwalaumu hata, majaribio ya binadamu yanagharamiwa na hela hizohizo. Ila mimi sikujua kwamba mlipaji ni mimi.

Na kuna mdau kasema dawa ikishapitishwa na FDA, mamlaka ya dawa ya Marekani, umeula. Sio lazima. Ifuatilieni kampuni ya Dendreon. Hao dawa yao Provenge ya saratani ya tezi dume ilipitishwa Aprili 2010, wanachukua chembe za kinga za mgonjwa mwenyewe wanazipeleka maabara zinafundishwa kuitambua saratani halafu wanamrudishia mwilini. Kwenye majaribio iliongeza wastani wa miezi kama minne ya kuishi, na dozi kamili wakati huo ilikuwa dola 93,000. Watu walishangilia. Shida ikawa daktari anatakiwa atangulize yeye hizo hela ndo aje alipwe na bima, wengi wakasita, na viwanda vyenyewe ni vya gharama kubwa. Agosti 2011 kampuni ikafuta makadirio yake ya mauzo, hisa ikaporomoka zaidi ya nusu kwa siku moja. Novemba 2014 wakafilisika, madeni ya zaidi ya dola milioni 600. Dawa ipo mpaka leo. Wenye hisa ndo hawakubakiwa na kitu.

Sisemi hakuna waliokula. Kampuni ya Immunomedics, Januari 2019 FDA waliikatalia dawa yao ya saratani ya matiti, shida sio dawa, shida ni utengenezaji kiwandani. Aprili 2020 ikapita, Septemba mwaka huohuo Gilead, kampuni kubwa ya dawa, wakainunua kampuni nzima kwa dola bilioni 21, dola 88 kwa hisa, zaidi ya mara mbili ya bei iliyokuwepo sokoni. Aliyevumilia pale alikula vizuri sana. Ila kwa kila mmoja wa hivyo jiulize wangapi mikeka imechanika kimyakimya. Uchambuzi wa umoja wa kampuni za baioteki (hizi zinazotafuta dawa mpya) za Marekani, wa miaka ya 2011 mpaka 2020, ulionesha katika dawa 100 za saratani zinazoanza feizi wani ni kama 5 tu zinafika kupitishwa. Asilimia 5.3, na hapo ni chini kuliko wastani wa magonjwa yote.

Kingine, tangazo la majibu jifunze kulisoma kwa jicho baya. Wakisema uvimbe umepungua kwa asilimia fulani ya wagonjwa, hiyo sio sawa na kusema wagonjwa wameishi zaidi, na kama wagonjwa wote walipewa dawa, hakuna kundi la kulinganisha, basi hujui bado. Ukiona wanakwepa kusema lengo kuu la jaribio limefikiwa au halijafikiwa, wanaruka moja kwa moja kwenye "kundi dogo la wagonjwa walionesha matumaini", jua lengo kuu limefeli hapo. Wanafukia kaburi na maua.

Mi sa hivi nafanyaje? Hela nyingi ipo kwenye mfuko wa XBI ambao ndani una kampuni za baioteki nyingi kwa pamoja, na hata huo usidhani ni godoro, kati ya Februari 2021 na Mei 2022 ulishuka zaidi ya nusu, niliuona wote huo kwa macho yangu. Kampuni mojamoja bado nanunua, uongo dhambi, ila ni kiasi ambacho kikiyeyuka nakula kama kawaida, siingii kama hela yao haifiki angalau mwaka na nusu baada ya tarehe ya majibu, na majibu yakitoka mazuri nauza nusu kabla sijapiga mswaki.

Hiyo kampuni yako niliifungua jana usiku wakati wa mapumziko. Wana milioni 11, robo iliyopita wametumia 6, na kwenye ukurasa wa hatari wameandika wenyewe kwamba kuna mashaka makubwa kama wataweza kuendelea na shughuli kwa mwaka mmoja ujao. Tena mwezi uliopita wamesajili kibali cha kuuza hisa mpya. Mi hata dola 300 nisingeweka kabla ya hayo majibu. Ukitaka nikutumie linki ya ukurasa wenyewe niandikie, ila naingia shifti sasa hivi, nitajibu asubuhi.