Anti wa Jikoni: Salsa ya vitu vya kabatini

SWALI: Anti, habari za siku. Mi niko Arua, Jumamosi nna wageni na nataka niwatengenezee salsa ile ya Mexico, ya nyanya na pilipili ya kuchovea chipsi, ila nyanya sokoni saa hii bei imepanda na zenyewe zimejaa maji ya mvua. Kabatini nna makopo mawili ya nyanya (moja limebonyea), pesti ya nyanya ya paketi, vitunguu, saumu, siki na bizari nyembamba ile ya pilau. Nilishajaribu kuchanganya pesti na maji na siki, ikawa kama tomato sosi tu. Nifanyeje?

JIBU: Mwanangu, nyanya za kopo zinatosha kabisa, na msimu huu wa mvua mi naona zinazishinda hata hizo za sokoni. Pesti iache. Ile imepikwa muda mrefu hadi ikakauka, ndo maana ukiiongeza maji inabaki na ladha ya kitu kilichopikwa, na salsa inataka ladha mbichi mbichi.

Kwanza hilo kopo lililobonyea. Kama ni kidogo tu ubavuni halina shida, lakini kama limebonyea sana hadi kidole kinaingia, au ni pale kwenye mshono, au limevimba au linavuja, tupa na wala usionje.

Kazi kubwa ni maji. Mimina kopo la gramu 400 kwenye chujio uliache lichuje dakika kumi, ule mchuzi usiumwage, weka kwenye maharage ya jioni. Wakati linachuja katakata nusu kitunguu vipande vidogo sana, kitie kwenye bakuli na chumvi nusu kijiko cha chai na kijiko kikubwa kimoja cha siki, ukae nacho hivohivo. Hapa ndo wengi wanaharakisha, ila kitunguu kibichi kisipokaa kwenye chumvi na siki ule ukali wake unafunika kila kitu na mgeni anaondoka na harufu mdomoni, sasa wewe kiache tu mpaka kilainike kidogo na ukionja kisikuwashe pua. Ukiwa na ndimu tumia ndimu badala ya siki, ni tamu zaidi.

Bizari usiitie mbichi. Kaanga robo kijiko cha chai kwenye kikaango kikavu, moto mdogo, ikianza kunukia tu toa, uitwange na punje moja ya saumu. Halafu pilipili, hapo weka kamulali moja (ile pilipili ndogo kali), toa mbegu kama kuna watoto, ni kali kuliko zile jalapeño za Mexico kwa hiyo anza na kidogo.

Nyanya zikate kwa kisu. Ukitumia blenda bonyeza uachie, mara tatu nne basi, maana ukiiacha izunguke inaingiza hewa na salsa inakuwa povu la rangi ya pinki, na umeme ukikatika kisu kipo, wala hujapoteza kitu. Changanya vyote, dhania ukiipata tia mwishoni, onja chumvi (makopo mengine yana chumvi tayari), kama uchachu umezidi tia sukari kidogo sana. Iache nusu saa kabla ya kula, usiruke hapo, ladha zinaingiana.

Chipsi za mahindi za dukani ni ghali bure. Chukua chapati za jana, kata pembetatu, zikaushe kwenye kikaango bila mafuta hadi zivunjike ukizikunja. Na salsa itakayobaki tia ndani ya rolex (chapati ya kukunja na mayai) asubuhi!

SWALI: Anti mi natengeneza salsa na majirani wanaipenda, nataka niijaze kwenye chupa za jemu nizifunge vizuri niuze, sina friji. Itakaa wiki? – Msomaji, Jinja

JIBU: Hapana dada, tafadhali usifanye hivyo. Kuna bakteria anaitwa Clostridium botulinum, anapenda chupa iliyofungwa isiyo na hewa, isiyo na uchachu wa kutosha, sehemu ya joto la kawaida, na sumu yake inaweza kuwepo bila harufu wala rangi kubadilika, na inaua. Mpaka wake ni pH 4.6 (pH ni kipimo cha uchachu, namba ikishuka uchachu unazidi), chini ya hapo hakui. Nyanya zenyewe ziko karibu karibu na huo mpaka, sasa ukiongeza kitunguu, saumu na pilipili ambavyo havina uchachu unausogeza upande mbaya, na huwezi kujua kwa kuonja. Bila friji tengeneza ya siku hiyohiyo, iliwe iishe. Kwenye friji ni siku nne tano, kwenye chombo cha kioo au plastiki chenye kifuniko, sio ndani ya kopo lililofunguliwa. Kama biashara unaitaka kweli, uza ya oda, mtu anaagiza asubuhi anachukua mchana, na umwambie wazi aile leo.